Marehemu Aliyegoma Kuitikia Salamu

Mlango ulifunguka, wakwe wakaingia, wakamkuta baba wa binti amelala chali kwenye mkeka katikati ya sebule, kafunikwa shuka kuanzia vidole vya miguu hadi utosini.

Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita, na najua wapo walionilaani. Nanyi ambao gazeti lenu lilifungiwa maandazi kabla hamjalisoma, sogeeni niwanong'oneze haraka. Mzee Vitus hakufa. Mzee Vitus, katekista mstaafu, mkazi wa Kihesa hapa Iringa mjini, alikuwa ameliwa na fisi kwenye mchezo.

Mchezo ulikuja na dada yake, shangazi Leokadia, afande mstaafu wa magereza aliyetoka Mbeya kuja kushuhudia posa ya Prisca. Wakwe waliahidi saa nne asubuhi. Saa nne ikafika, wakwe hawapo, simu ikasema gari limepata pancha Igawa. Afande hawezi kukaa bure. Akakata boksi la majani ya chai vipande saba, akaandika, akachanganya, akampa kila mtu kimoja akitazame kwa siri kisha akirudishe kwenye mkoba wake.

“Fisi wawili, wanakijiji watano,” akatangaza. “Mimi msimamizi. Nikisema mji umelala, wote mnafumba macho. Fisi peke yao wanafumbua, wananyoosha kidole kwa mtu wanayemla. Nikisema mji umeamka, namtaja marehemu. Halafu mnatafutana, mnashutumiana, mnapiga kura. Hakuna kujipigia mwenyewe. Atakayepata zaidi ya nusu ya kura za walio hai anakufa, awe fisi, asiwe fisi. Asipokufa mtu kwa kura, usiku mwingine hauingii, tutakaa hapo hapo. Fisi wakiisha, kijiji kimeshinda. Fisi wakilingana na watu kwa idadi, fisi wameshinda.”

Mzee Vitus, ambaye hawapendi watu wa kuacha mambo njiani, akaongeza lake. Akaleta misale yake ya zamani, kitabu cha sala za misa, kila mmoja akaweka mkono juu yake akaapa: nikifa, sitatamka neno wala kutikisa kichwa mpaka mchezo uishe.

Usiku wa kwanza akafa yeye.

Aliyemla ni nani? Ni Prisca, bintiye, mwalimu wa shule ya msingi mwenye sura ya upole ambaye hata kuku hajawahi kumchinja. Alikuwa fisi pamoja na Asukile, mtoto wa shangazi. Walimla mzee mapema kwa sababu ndiye pekee angewagundua. Asukile akanaswa kwa kura. Usiku wa pili Prisca akamla kaka yake Liberatus, ambaye kwa kuwa alishakuwa marehemu aliona bora aende kazini, akapanda Fuso lake akaondoka bila kuaga. Waliobaki hai walikuwa wanne: Prisca, mama yake Veronika, mdogo wake Happy, na jirani yao Mwenyekiti Jailos wa serikali ya mtaa. Fisi mmoja bado hajapatikana.

Na baridi ya Juni ya Iringa mnaijua. Marehemu akasikia baridi, akajifunika shuka. Wakwe wakaingia.

“Uuuwi! Mayo!”

Walikuja na mama wawili wa kupiga vigelegele. Vigelegele viligeuka kilio pale pale mlangoni.

Mzee Silvester, mshenga, Msukuma mrefu mfugaji wa Ubaruku kule Mbarali, akavua kofia taratibu. Nyuma yake alisimama mpwa wake Maganga, mposaji mwenyewe, suti mpya ya kijivu, mkononi ameshika jembe jipya limefungwa utepe mwekundu. Waliambiwa mapema kwamba kwa ukoo huu huwezi kutamka neno binti kabla hujaweka jembe mbele ya baba, na baba akatamka kwa kinywa chake kwamba amelipokea.

“Baba!” Maganga akasema, machozi yakimlenga. “Baba hakunisubiri!”

Akageuka, akatoka kwa mlango wa uani na jembe lake.

Prisca akamshika mshenga mkono. “Mzee, subiri, hajafa! Amekufa kwenye mchezo tu.”

“Pole, mwanetu,” Mzee Silvester akampapasa bega. “Hata mimi mzee wangu alipoondoka nilisema hivyo hivyo. Siku mbili nzima nilisema hajafa.”

“Ni mchezo! Kuna fisi na wanakijiji, tunafumba macho, fisi anachagua mtu…”

“Mpeni maji huyu,” mshenga akawaambia wale mama.

“Karibuni chai,” akasema mama Veronika kwa utulivu, akipanga vikombe. Wale mama wawili wakatazamana. Mjane gani huyu anayepanga vikombe?

Mzee Silvester akakohoa. “Kwenye msiba hatutaji posa. Tutazika, tutarudi nyumbani, mwakani mpunga ukishavunwa tutaona kama mambo yanafaa.”

Mwakani! Miaka mitatu Prisca alimsubiri Maganga amalize kumbembeleza huyu mjomba, maana bila Mzee Silvester hakuna ng'ombe anayetoka zizini kwao. Leo wamefika, wanataka kumzika mtu mzima.

Ndipo kikasikika kishindo kutoka nyuma ya nyumba. Pu. Pu. Pu.

Maganga alikuwa anachimba kaburi. Kama mkwe mwema, alianza mwenyewe bila kuombwa, kwa jembe la posa, na kwa kuwa udongo laini ulikuwa sehemu moja tu, alichimba kwenye miche ya parachichi ya Mzee Vitus.

Shuka likatetemeka.

“Marehemu, tulia,” shangazi Leokadia akaamuru.

Mzee Silvester akaruka nyuma hatua mbili. Kisha, kwa ujasiri wa mtu aliyewahi kuongoza sungusungu, akapiga goti, akafunua shuka. Macho ya Mzee Vitus yalikuwa wazi, makavu, yanatazama dari.

“Anapumua! Jamani, mtu huyu anapumua!”

Mzee Vitus akaona kulala hakusaidii tena. Kiapo kilikataza neno na kichwa, hakikukataza kuketi. Akajiinua, akaegemea ukuta, akaweka mikono magotini.

Kilio kikageuka vigelegele. Mzee Silvester akacheka kwa sauti, akamkamata marehemu mkono kwa mikono yake yote miwili. “Mzee mwenzangu, umetutisha! Kamwene!”

Kimya.

“Kamwene, mzee!”

Mzee Vitus alimtazama usoni. Mdomo ulimcheza kidogo, kisha ukatulia kabisa. Hata kope hakupepesa.

Msomaji wangu, kumdhania mtu amekufa ni jambo dogo, linasameheka. Lakini mtu mzima, mkwe mtarajiwa, akutazame machoni mchana kweupe na asiitikie salamu? Mzee Silvester aliuachia ule mkono.

“Nimejifunza salamu yenu njia nzima kutoka Igawa,” akasema polepole. “Nimefika nayo mbichi mdomoni. Ananitazama hivi?”

“Ameapa asiseme mpaka mchezo uishe,” Prisca akalia. “Aliapa kwa misale!”

“Na mchezo unaisha lini?”

Wote wakamgeukia shangazi Leokadia.

“Ukiisha,” akajibu afande.

“Shangazi, uvunje!”

“Nivunje kiapo cha baba yako? Miaka thelathini na moja nimefunga na kufungua milango kwa sheria. Sheria ni sheria. Mtafuteni fisi.”

Mzee Silvester akaketi. Akakichukua kikombe cha chai alichopewa, akakiinua ili wote wakione. “Mimi siondoki na njaa wala siondoki na hasira. Nitakunywa chai hii, ni ya moto na ni nzuri. Ikiisha kabla baba wa binti hajanena, tunapanda gari. Ruaha Mbuyuni kuna mkulima wa vitunguu, ana binti, tangu Pasaka ananipigia simu. Jembe tunalo tayari.”

Akanywa funda la kwanza.

Prisca akaona afadhali aeleze ukweli. Ukweli si unaokoa? Akasimama katikati ya sebule.

“Nisikilizeni. Fisi ni mimi. Mimi na Asukile tulimla baba. Liberatus nilimla peke yangu. Nipigieni kura nife, mchezo uishe, baba aongee.”

Walihitajika watatu. Kujipigia hairuhusiwi, kwa hiyo ilibidi wamkubali wote: mama, Happy na Mwenyekiti Jailos.

Mwenyekiti Jailos akacheka mpaka tumbo likatikisika. “Mwalimu, miaka kumi na miwili nasuluhisha kesi za kuku mtaa huu. Sijaona mwizi wa kuku aliyenyoosha mkono akasema ni mimi. Wewe siyo fisi. Wewe unataka kuolewa.”

“Nataka kuolewa na ni fisi!”

“Haiwezekani vyote viwili.”

“Happy, mdogo wangu, unanijua…”

“Ndiyo nakujua, dada. Huwezi kudanganya hata kidogo. Fisi ni Mwenyekiti, angalia anavyocheka.”

“Mimi?” Jailos akang'aka. “Fisi ni mama yako! Toka asubuhi ananimiminia chai wa mwisho. Mtu mwenye dhamiri safi hafanyi hivyo.”

Mzee Silvester akanywa funda la pili.

Prisca akampigia magoti mama yake. “Mama, nakuomba. Wewe nipigie tu. Hao wengine watafuata.”

Veronika alimtazama binti yake kwa sura isiyosomeka. “Nikupigie kura ufe, siku ya posa yako, mbele ya wakwe? Huo ni mkosi. Mama hawezi.”

“Muulizeni Asukile! Yeye anajua!”

Asukile alikuwa kwenye benchi la marehemu, mashavu yamejaa karanga. Anajua yote, na ameapa. Machozi ya kicheko yalimtiririka, lakini neno halikumtoka.

Mlango wa uani ukafunguka. Maganga akaingia, udongo hadi magotini, tai imegeukia mgongoni, jembe begani na utepe wake mwekundu umekuwa kahawia.

“Mjomba, nimefika kiunoni. Udongo wa huku ni laini, jioni tunaweza…”

Akamwona Mzee Vitus ameketi. Jembe likamdondoka.

“Baba amefufuka!”

Akamkumbatia. Mzee Vitus, suti yenye udongo ikimgandamiza, alifumba macho kwa uchungu. Sijui uchungu ulikuwa wa kukumbatiwa au wa miche ya parachichi.

Walipomweleza Maganga kilichotokea, naye akaelewa nusu, alimgeukia Prisca akasema kwa sauti ya chini, “Prisca, sema chochote. Kikombe cha mjomba kimebaki robo.”

Sema chochote. Prisca alisimama na maneno hayo. Kweli ameisema mara tatu, wamemcheka. Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. Akavuta pumzi. Alipoinua kichwa alikuwa na sura nyingine kabisa, ya mtu aliyechoka kubeba mzigo.

“Basi,” akasema. “Nimeshindwa. Mimi siyo fisi.”

“Si nilisema!” akadakia Jailos.

“Nilikuwa namkinga mtu.”

Hata Asukile aliacha kutafuna.

“Nani?” akauliza Happy.

Prisca aliinamisha kichwa, akaacha wahangaike, kisha akainua kidole taratibu kuelekea kwa mama yake mzazi.

“Usiku wa pili, wakati wa fisi kunyoosha kidole, nilisikia bangili zake zikilia.”

“Bangili!” Mwenyekiti akasimama. “Hata mimi nilizisikia!”

Hakuzisikia, maana bangili za mama Veronika hazikulia. Lakini Mwenyekiti Jailos ni mtu wa kusikia vitu akishaambiwa.

“Mama!” Happy akajishika mdomo. “Kumbe ni wewe? Na ulivyokuwa unakataa kumpigia dada! Ulijua siye!”

“Kura!” akaita shangazi.

Mikono mitatu ikapanda juu: Jailos, Happy, Prisca. Veronika alimtazama Prisca muda mrefu. Kisha akafa. Yaani akasimama, akaenda kuketi karibu na mumewe kwenye mkeka, akamvutia shuka vizuri mabegani, akanyamaza.

Mzee Silvester alisitisha kikombe karibu na midomo. “Mama yake mzazi,” akanong'ona.

“Mji umelala!” afande akapiga kofi. “Wote fumbeni macho. Na wageni! Mgeni akichungulia namtoa nje.”

Saa nane mchana, jua linawaka dirishani, mji ukalala. Mshenga akafumba macho na kikombe chake mkononi. Maganga akafumba. Wale mama wawili wakafumba huku wakisali.

Prisca akafumbua. Mbele yake marehemu watatu walikuwa wanamtazama, kwa kuwa marehemu hawafumbi macho. Hakuwajali. Akanyoosha kidole kwa Jailos bila hata kufikiri.

“Mji umeamka. Mwenyekiti ameliwa.”

Jailos akainuka kupinga, mdomo ukafunguka, akakumbuka misale, akaketi. Tangu achaguliwe, hiyo ndiyo mara ya kwanza kunyamaza akiwa na hoja.

“Wamebaki wawili,” akasema shangazi. “Happy mwanakijiji, Prisca fisi. Idadi imelingana. Fisi ameshinda. Mchezo umekwisha!”

“Dada!” Happy akapiga kelele. “Kumbe kweli ulikuwa wewe?”

Mzee Silvester alikuwa amebakiza funda moja.

Mzee Vitus akainuka. Akanyoosha shati, akasafisha koo, na kabla ya jambo lolote akalipa alichodaiwa.

“Kamwene, mzee mwenzangu. Na ile ya pili, kamwene tena. Kamwene, mama. Na wewe, mama, kamwene. Poleni na pancha. Kijana, kamwene. Miche mingapi?”

“Mitatu, baba,” akasema Maganga.

“Tutaongea.”

Vicheko vikapasua sebule, baridi ikasahaulika. Prisca akaegemea ukuta akicheka. Maganga akaokota jembe, akalifuta kwa leso yake, akaliweka mbele ya mzee kwa mikono miwili, udongo na yote.

Lakini Mzee Silvester aliinua kiganja.

“Wabeja, asante. Salamu nimepokea. Ila nina neno. Huyu binti aliposema kweli, hakuna aliyemwamini. Alipoongopa, mliamini wote mara moja, hadi mimi niliye na mvi. Akamuua mama yake hapa hapa, hata jasho halikumtoka. Ndiye tunampeleka kwetu?”

Prisca akamtazama baba yake.

“Ameongopa kwa sheria,” Mzee Vitus akajibu, kakasirika kidogo. “Tuliapa kunyamaza, hatukuapa kusema kweli. Hajafanya kosa. Aliyefanya kosa ni mwingine.”

“Nani?”

Mzee Vitus akamgeukia mke wake.

“Veronika. Marehemu hafumbi macho. Usiku wa pili, wakati Prisca anamnyooshea Liberatus kidole, wewe ulikuwa hai na ulitakiwa ufumbe. Nilikuona. Ulichungulia.”

Kikombe cha mshenga kikatua kwenye sahani.

“Ulijua fisi ni nani tangu asubuhi,” mzee akaendelea. “Mwanao amekupigia magoti akikwambia kweli. Ungekubali, hata hawa wengine wangetikisika. Mimi nimekaa pale, mgeni ananisalimia, kijana anafukua miche yangu, na wewe unasema mkosi. Kwa nini?”

Veronika hakubisha. “Nilichungulia,” akasema.

Prisca aliumia. Aibu ya kuitwa mwongo mbele ya wakwe aliweza kuimeza, lakini hili lilimshinda. “Mama, nilipopiga magoti ulijua nasema kweli?”

“Nilijua.”

“Ukaniacha?”

“Nikakuacha.” Mama akamshika mkono, na Prisca hakuuondoa, ingawa alitaka. “Sikiliza, mwanangu. Nimekulea miaka ishirini na tisa, nikajiambia nakujua ndani na nje. Leo umenikalia mbele saa tatu nzima unaniongopea, unaniambia mama ongeza sukari, na mimi sioni chochote. Ilinibidi nichungulie ndiyo nijue. Niliogopa. Nikataka nitazame mpaka mwisho, nijue uongo wako unafananaje kabla hujaondoka nyumbani kwangu.”

“Na sasa umeujua?”

“Nimeujua. Ukitaka kuongopa unainama kwanza.” Akamgeukia mshenga. “Mzee, huyu baba yake nilimjua kabla hajanioa. Akiongopa anakuna sikio.”

Mkono wa Mzee Vitus ulikuwa sikioni. Akaushusha.

“Lakini Maganga simjui,” Veronika akaendelea. “Kila mtu ananiambia mpole, mkweli, mtaratibu. Hakuna aliyewahi kumwona akiongopa. Mwanangu ataishije na mtu ambaye hajui uongo wake unatokea wapi? Mimi nataka kuuona.”

“Mama, mimi siongopi,” Maganga akasema.

“Hapo sijui kama unaongopa.”

Mzee Silvester akainama mbele. “Unataka nini, mama wa binti?”

“Mchezo mmoja. Yeye acheze, na wewe ucheze. Awe fisi au mwanakijiji, akishutumiwa atajitetea, na akijitetea nitamwona. Nikishamwona, jembe hili nalipokea mimi kwa mikono yangu, na udongo wake hivi hivi. Akifa kabla sijamwona, ondokeni nalo. Posa imekwisha, na sitaki irudiwe.”

“Veronika!” Mzee Vitus akashtuka.

“Nimesema.”

Mzee alimtazama mkewe, akamjua, akaona hapo hapapindiki. “Neno la mama ni neno,” akasema kwa unyonge.

Prisca alitegemea mshenga atachukia, atanyanyuka, atatukana. Ajabu, Mzee Silvester alimaliza chai yake, akapangusa masharubu, akasema, “Nakubali.” Alikubali haraka sana.

Misale ikaletwa tena. Mikono saba: Vitus, Veronika, Happy, Jailos, Prisca, Maganga, Mzee Silvester. Asukile aliomba kupumzika, karanga zilimzidi.

“Safari hii msinile wa kwanza,” Mzee Vitus akaonya. “Nina wageni.”

“Sheria moja nyongeza,” afande akasema akichanganya vipande, “kwa sababu leo tuna wazee. Usiku nahesabu mpaka kumi. Fisi wawili wakishindwa kukubaliana nani aliwe, anasikilizwa mwenye umri mkubwa. Kama kwenye kikao chochote cha ukoo.”

Hakuna aliyeona ubaya wake.

Prisca akapokea kipande chake, akakifunua kwa viganja kama mtu anayekinga kibiriti na upepo. FISI. Tena!

Moyo ulimruka kwa furaha mpaka akaogopa utasikika. Akiwa fisi, atachagua yeye wa kuliwa. Atamlinda Maganga usiku huu, na usiku mwingine, hadi mama yake amwone, aridhike, achukue jembe. Akarudisha kipande mkobani. Hakuinama. Alishajua mama yake anatazama nini.

Maganga akatazama cha kwake, akatabasamu kwa wote. Mjinga wa Mungu, Prisca akawaza kwa upendo. Angekuwa fisi angeshatoka jasho.

“Mji umelala!”

Macho yote yakafumbwa. Nje, jogoo wa jirani aliwika bila sababu.

“Fisi, fumbueni macho. Mkubaliane. Moja.”

Prisca akafumbua. Akazungusha macho amtafute mwenzake. Baba, amefumba. Happy, amefumba. Jailos, amefumba kwa nguvu. Mama, safari hii amejifunika uso kwa viganja vyote viwili.

“Mbili. Tatu.”

Upande wa pili wa meza, macho mawili mekundu yalikuwa wazi yanamtazama. Mzee Silvester.

Prisca akapumua. Akanyoosha kidole upesi kwa Mwenyekiti Jailos, akakitikisa: huyu, mzee, tumle huyu.

“Nne. Tano.”

Mzee Silvester hakumtazama Jailos hata kidogo. Aliinua mkono taratibu, na kidole chake kikaelekea kwa mpwa wake mwenyewe, kifuani, pale suti ilipochafuka udongo.

Prisca akatikisa kichwa. Akaunganisha viganja, akamwomba kwa macho, akamwonyesha Happy, akamwonyesha baba yake, akajionyesha hata yeye mwenyewe.

“Sita. Saba.”

Mshenga alimtazama bila kupepesa, kama mtu aliyekuja Iringa kwa kazi hiyo moja tu.

“Nane.”

Kidole hakikutikisika, na mkubwa kwa umri alikuwa yeye. Na Maganga, amefumba macho yake vizuri kama alivyoambiwa, alikuwa bado anatabasamu.